Niliposema Theluji Imekatika

Siku yangu ya kwanza kazini nilifukuzwa ofisini kabla sijakalia kiti. Nilikuwa nimefika Biharamulo jana yake kutoka kwetu Bugarama, upande wa Ngara, na cheti cha chuo, sanduku la bati na wasiwasi mwingi. Nilimwamkia Mkuu wa Kituo shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho kwenye daftari lake, kisha akaniuliza nje kukoje. Nikamwambia kuna mawingu. Akavua miwani.

"Mawingu gani? Yamefunika sehemu gani ya anga? Yako juu kiasi gani?"

Nilikuwa nimetembea chini ya mawingu hayo karibu nusu saa bila kuyatazama.

"Basi toka nje, binti. Hali ya hewa haimo humu ndani. Utarudi ukiwa na la kusema."

Nilisimama uwanjani hadi shingo ikauma. Niliporudi nikamwambia anga nimeigawa vipande vinane, kama tulivyofundishwa, na mawingu yamefunika vitano. Akatoka kuhakikisha mwenyewe. Akasema ni vinne, lakini angalau nimetazama. Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi ya uangalizi wa hali ya hewa, na kama kuna jambo jema nililowahi kufanya katika kazi hiyo, nililifanya chini ya mzee yule.

Vijana wa leo mnakuta mashine imeshapima kila kitu, kwa hiyo nieleze kidogo. Kituo kilikuwa uwanja wa majani mafupi uliozungushiwa waya. Katikati palikuwa na kibanda cheupe cha mbao, kimeinuliwa juu ya miguu yake, kuta zake zina mianya ili upepo upite na jua lisiingie. Ndani yake mlikuwa na vipimajoto, kimoja kikavu, kingine kimevishwa kitambaa kinachonyonya maji. Tofauti ya viwili hivyo ndiyo iliyotuambia unyevu wa hewa. Pembeni palikuwa na kipimamvua, mkebe wa shaba wenye mdomo wa duara, na karai kubwa la maji la kupimia jinsi jua linavyoyakausha. Karai hilo lilitusumbua sana. Mbuzi wa majirani walilipenda kuliko kisima, na Mkuu wa Kituo aliwatukana wenye mbuzi kwa Kiswahili, Kihaya na Kisubi.

Saa tatu kamili asubuhi ndiyo ilikuwa saa kubwa ya siku. Mvua yote ya saa ishirini na nne ilipimwa wakati huo, tukaandika kila kitu kwa tarakimu, makundi ya tano tano, tukayasoma kwenye redio. Kila tarakimu ilikuwa na maana yake duniani kote. Mtu wa upande wa pili wa dunia angeweza kuyapokea makundi yale akajua Biharamulo kuna radi, bila kujua Biharamulo iko wapi wala tunasema lugha gani. Jambo hilo lilinishangaza nikiwa msichana na linanishangaza hadi leo.

Kulikuwa na kitabu cha maana za tarakimu hizo. Hali ya hewa ya wakati ule ule ilipewa namba kuanzia sifuri hadi tisini na tisa: ukungu una zake, manyunyu yana zake, radi ina zake. Sabini na kitu zilikuwa za theluji. Theluji nyepesi, theluji nzito, theluji inayoanguka kwa vipindi. Nilizisoma jinsi wengine wanavyosoma hadithi. Mkuu wa Kituo aliponikuta nimeng'ang'ania ukurasa ule alisema, "Hizo ruka. Hutaziandika hapa hata uishi miaka mia." Kisha akaniambia jambo ambalo nililichukulia kama la kawaida tu. Alisema mahali usipojua, usiandike tarakimu yoyote, piga mkwaju. Mkwaju ni ule mstari wa kulala ubavu ambao kwenye makundi yetu maana yake ni kwamba hapa pana pengo, mwangalizi hakuona.

"Na makao makuu hawatakasirika?" nikamuuliza.

"Watakasirika. Wewe piga."

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa kituo kidogo juu ya kilima upande wa Ngara. Huko ukungu ulikuwa unashuka alfajiri hadi huoni kibanda ukiwa umesimama langoni. Tulikuwa wawili tu, mimi na Mkuu wa Kituo mwingine, mtu mpole, mcheshi, mpenda watu, ambaye hakupenda kunyeshewa. Yeye ndiye aliyenifundisha kuziba.

Kuziba ni hivi. Umeumwa, au mtoto kalia, au mvua imekuchelewesha njiani, ukakosa kipimo cha saa tatu. Badala ya kupiga mkwaju, unatazama kipimo cha jana na cha leo jioni, unachukua cha katikati. Au unasikiliza redio: kituo cha mashariki yako kimesema hakuna mvua, cha magharibi kimesema hakuna mvua, basi na wewe uliye katikati unaandika hakuna mvua. Mara nyingi unapata. Hapo ndipo ubaya wa kuziba ulipo, kwamba mara nyingi unapata. Ungekuwa uongo wa kushindwa kila siku tungeuacha mapema.

"Wakubwa hawapendi mapengo," Mkuu wangu alikuwa akisema huku anachochea makaa ya jiko la chai. "Pengo linawafanya waulize maswali. Tarakimu inawapa usingizi. Sasa wewe, mwanangu, unataka wakubwa wako wakose usingizi?"

Tulicheka. Nikawa hodari wa kuziba kuliko yeye. Mwaka mmoja alikuja Mkaguzi wa Kanda, bwana mrefu mwenye suti ya kijivu, akapekua daftari langu ukurasa kwa ukurasa, mwisho akasema mbele ya watu, "Tangu nianze ziara hii sijaona daftari safi kama la mama huyu. Halina mkwaju hata mmoja." Miezi michache baadaye nilipandishwa cheo. Nilirudi Biharamulo nikiwa Mkuu wa Kituo, kwenye kiti cha yule mzee aliyenifukuza ofisini. Yeye alikuwa ameshastaafu na kufariki. Nilifurahi kwamba hakuniona, na sikujiuliza kwa nini nafurahi.

Sitawachosha na miaka yote iliyofuata. Nilifunza vijana, nikaona redio ikiondoka na simu ikija, nikaona mashine inayopima yenyewe ikisimikwa pale palipokuwa na karai la maji. Nilistaafu, nikajenga Nyamigogo, huku huku Biharamulo, kwenye shamba aliloniachia marehemu mume wangu. Watu wa pale walinipa jina la Mama Hewa hata kabla sijamaliza kupaua.

Uzee una saa nyingi. Nilinunua simu ya kioo, na siku moja nikagundua kwamba taarifa za viwanja vya ndege vya dunia nzima ziko wazi kwa mtu yeyote anayejua kuzisoma. Si picha wala si utabiri. Utabiri ni maneno ya kesho, na mimi sikuwahi kuwa mtabiri. Zile ni taarifa za mwangalizi, au siku hizi mashine, anayesema: sasa hivi, hapa nilipo, hali iko hivi. Zinaandikwa kwa mkato, na theluji ina herufi zake mbili. Kila asubuhi, nikishakunywa chai, nilikuwa natafuta herufi hizo mbili. Leo theluji inaanguka wapi? Nilianzia visiwa vya kaskazini, nikavuka bahari, nikapita nchi moja hadi nyingine. Kitu ambacho niliambiwa nikiruke nikiwa msichana nilikuwa nakifuata nikiwa bibi, na kilinipa raha ambayo siwezi kuieleza vizuri.

Msikilizaji wangu alikuwa mmoja, Mzee Faustine. Ni Msubi, mkulima wa ndizi na maharage, jirani yangu tunayepakana mashamba, mjane mwenzangu. Binti yake wa pekee, Adela, alikuwa Kanada, katika mji mdogo wa kaskazini, akifanya kazi ya kutunza wazee. Alikwenda akiwa msichana mbichi kabisa na alikuwa hajarudi kwa miaka tisa. Kila mwaka alisema mwaka ujao. Mzee Faustine alikuwa anapitia kwangu akitoka kumkamua ng'ombe wake, anasimama nje ya ua na mkebe mkononi.

"Mama Hewa, kwa Adela leo kukoje?"

"Theluji nyepesi. Upepo hakuna."

"Inaumiza?"

"Haiumizi, mzee. Nimeshakwambia. Inashuka polepole, haina hata sauti."

Hakuamini sana. Yeye alijua mvua ya mawe, ile inayochana majani ya migomba hadi yabaki nyuzi nyuzi, na kila kitu cheupe kinachotoka juu alikihesabu upande huo. Lakini alikuwa akishapata jibu lake anaondoka ametulia. Nadhani kwake nilikuwa dirisha la nyumba ya binti yake. Nilijivunia hilo kuliko cheo chochote nilichopata serikalini, na leo nasema wazi kwamba kiburi hicho ndicho kilichoniponza.

Adela alifariki Januari. Aliugua muda mfupi, kifua, na hatukujua kama ni ugonjwa mkubwa hadi tulipoambiwa amekwisha. Aliyetuletea habari ni mwenzake wa kazini, binti mmoja wa Geita aitwaye Neema, ambaye ndiye aliyeshughulikia karatasi zote za kumrudisha nyumbani. Ilichukua zaidi ya wiki mbili. Mzee Faustine muda wote huo alikaa kwenye mkeka, hali, hazungumzi, anaitikia pole tu. Msemaji wa ukoo akawa mdogo wake, Mzee Petro, mtu mkali anayejua mila kuliko padri anavyojua misa.

Mpango ulikuwa hivi. Ndege ndogo ingemtoa Adela kwenye ule mji Jumatano, akaunganishe ndege kubwa, Ijumaa awe Mwanza, na gari lililokwenda kumpokea limlete Biharamulo jioni ile ile. Mzee Petro alishaamua kwamba mwili uliokaa siku nyingi hivyo hautalala ndani ya nyumba. Atoke garini aende kaburini. Kwa hiyo kaburi lichimbwe na kujengewa matofali Ijumaa hiyo hiyo, likiwa linamsubiri.

Jumatano asubuhi Neema alituma ujumbe, nao ukasomwa mbele ya watu wote: "Theluji inaanguka tangu juzi. Ikikatika leo, ndege itaruka na mimi nitakuwa naye. Isipokatika, sijui." Baada ya hapo simu yake haikupatikana tena.

Alhamisi kutwa watu walibishana. Kuna ndugu wa Nyantakara waliotaka kujua waanze safari au wasubiri. Kuna watu wa kwetu Bugarama, maana Adela alisoma huko kwa shangazi yake, waliotaka kukodi gari. Katekista alitaka kutangaza. Mzee Petro akasimama katikati ya uwanja, akanielekezea fimbo yake.

"Ninyi mnabishana na Mama Hewa amekaa hapo? Mama, tuambie. Theruji imekatika au haijakatika?"

Nikatoa simu, nikavaa miwani. Nikatafuta kiwanja cha ule mji.

Hakikuwa na taarifa. Ya mwisho ilikuwa ya Jumatano mapema, theluji nzito, kisha hakuna kitu. Nikafungua tena nikidhani ni mtandao. Hakuna. Nikatazama kituo kilicho mashariki yake: mawingu tu, upepo hafifu. Nikatazama cha magharibi: anga nusu wazi, hakuna theluji. Mashariki hakuna, magharibi hakuna.

Vijana, mimi najua maana ya kituo kinachokatika katikati ya theluji nzito. Ningemwona mwanafunzi wangu anakipita hivi hivi ningemchapa rula. Kituo hakinyamazi kwa sababu hali imekuwa nzuri. Lakini watu walikuwa wananitazama, na Mzee Faustine, kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze, alikuwa ameinua uso. Ningesema sijui, nikiwa nimekaa miaka tisa naye nikimwambia kila asubuhi kwamba najua? Mkono wangu ulishazoea.

"Imekatika," nikasema. Na kwa kuwa waliendelea kunitazama, nikaongeza la pili, ambalo hakuna chombo duniani kilichokuwa kimeniambia. "Ndege itakuwa imeshaondoka."

Watu wakashusha pumzi. Simu zikaanza kupigwa Nyantakara na Bugarama. Mtu akasema ndiyo maana Neema hapatikani, yuko angani, na wote wakakubali. Neno langu moja lilikuwa limeeleza kila kitu.

Ijumaa asubuhi gari likaenda Mwanza. Vijana wa ukoo wakachimba kaburi chini ya migomba, mafundi wakalijengea matofali, wakapiga lipu. Ilikuwa kazi safi. Saa kumi na moja jioni waliokwenda Mwanza wakapiga simu. Hakuna mzigo, hakuna jina, hakuna anayejua chochote. Mzee Petro akaniuliza kwa macho. Nikasema labda ndege imechelewa kidogo. Hata hapo bado nilikuwa naziba.

Alisubiri hadi jua lilipoanza kugusa vilima. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Kaburi harirari wazi."

Kwa wasiojua mila za kwetu, kaburi lililochimbwa halipitishi usiku likiwa tupu. Likilala wazi, wazee wanasema, litamtafuta mwingine wa kulilalia, na halichagui mbali. Siwalazimishi mwamini. Lakini ningependa nimwone huyo mwenye watoto katika nyumba ile ambaye angekwenda kulala usingizi wake, kaburi likiwa limefungua mdomo nyuma ya jiko. Dawa yake ni moja, nayo wanaijua wote: unakata mgomba, unauviringishia shuka, unauzika kama mtu. Ndivyo anavyozikwa aliyezama ziwani asipatikane, au aliyepotelea safarini.

Mzee Faustine alikataa. Alisema mwanangu hakupotea, yuko njiani, Mama Hewa amesema. Mdogo wake akamwambia kaka, kuna wajukuu zetu humu ndani. Walizungumza Kisubi muda mrefu, taratibu, na mimi nilitamani ardhi inimeze. Mwishowe mzee akainuka, akachukua panga, akaingia shambani mwenyewe.

"Urefu gani?" akauliza akiwa mbele ya mgomba.

"Urefu wake yeye," Mzee Petro akajibu.

Mzee alisimama pale na panga lake. "Sijui urefu wake," akasema. "Alipoondoka alikuwa ananifika begani. Labda alirefuka."

Akaukata unaomfika begani. Shangazi wa Bugarama, aliyekuwa amefika mchana, akauvalisha shuka jeupe. Katekista alikaa kando, hakukataza wala hakusali. Kabla giza halijaingia tofali la mwisho lilikuwa limewekwa na udongo umefukiwa juu.

Jumamosi walifika watu wote. Wa Nyantakara walikuja na ng'ombe. Kwaya iliimba, watu walilia kwa haki kabisa, maana walikuja kumlilia Adela, wakakuta kaburi limefungwa, wakalilia hilo hilo. Saa saba mchana kwenye simu ya Mzee Petro ukaingia ujumbe wa Neema. Dhoruba ya theluji ilikata umeme mji mzima, minara ya simu ikazima, kiwanja kimefungwa tangu Jumatano. Adela yuko bado hospitalini. Ndege hazijulikani zitaruka lini.

Ujumbe ule haukusomwa mbele ya watu. Mzee Petro alinionyesha mimi na kaka yake tu, kisha akaweka simu mfukoni. Watu walikula, wakaaga, wakaondoka. Waliotoka mbali hawawezi kurudi msibani mara mbili kwa mtu mmoja, nanyi mnalijua hilo.

Adela alifika Alhamisi iliyofuata, mvua ikinyesha. Mzee Petro alisema kaburi lililofungwa halifunguliwi, kwa hiyo lilichimbwa lingine pembeni. Safari hii hawakuanza kuchimba hadi gari lilipoingia uani, ndiyo maana hapakuwa na muda wa matofali. Hapakuwa na kwaya. Tulikuwa watu kumi na mmoja, nawahesabu kwa sababu nawakumbuka sura. Neema alikuwa amesimama na koti lake zito mikononi, halina kazi katika joto letu. Kabla ya kushusha jeneza Mzee Faustine aliomba lifunguliwe kidogo usoni, akatazama. Akasema, "Kumbe alirefuka." Basi, akarudi nyuma wakaendelea.

Sasa pale chini ya migomba kuna makaburi mawili. La matofali na lipu, ambalo lilililiwa na mamia, ndani lina mgomba uliokwishaoza. La udongo, ambalo mvua ya masika imelishusha upande mmoja, ndilo lenye mtoto. Mgeni akipita anaulizia la matofali ni la nani, na watu wa nyumba ile hawana jibu fupi.

Hakuna aliyenilaumu. Walilaumu theluji. Wanawake wenzangu waliniambia mama, wewe ungefanyaje, hata wataalamu wanakosea. Heri wangenitukana. Hawajui tofauti ya kukosea na kuziba, na sikuwa na ujasiri wa kuwaeleza kwamba mwangalizi hakukosea, kwa sababu mwangalizi hakuangalia kitu. Bora kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, tumeimba shuleni wote. Niliacha kutafuta theluji. Simu naipokea tu na kuipiga.

Nimeombwa niandike kumbukumbu za kazi ili vijana wajifunze. Wanaoomba hivyo hutarajia kusikia habari za uvumilivu, na kweli tulivumilia. Tulipima mvua kwa miguu mitupu, tulibeba betri za redio kichwani. Lakini nikikaa jioni sifikirii hayo. Nafikiria lile daftari lililosifiwa. Najiuliza ni siku ngapi katika miaka yangu ya Ngara ambazo hakuna mtu yeyote aliyeiona anga, na mahali fulani mtaalamu anasoma tarakimu zangu na kuamini kwamba kulikuwa na mtu. Siku hizo haziwezi kurudishwa. Hata mimi mwenyewe sizijui tena ni zipi, kwa kuwa niliziba vizuri.

Mzee Faustine hakukanyaga kwangu muda mrefu. Kisha mwezi uliopita, mchana, nikamwona anakuja, hana mkebe. Nikampa kigoda, akakaa. Tuliongelea mahindi, tukaongelea mguu wake unaovimba. Nikaleta uji, akaushika bila kunywa.

"Mama Hewa," akasema, "nataka kukuuliza jambo moja, usinifiche. Siku ile, ulijua au ulikisia?"

Nilikuwa na majibu mengi. Nilikuwa nimeyatayarisha kwa miezi: kituo cha mashariki, kituo cha magharibi, mtandao.

"Nilikisia," nikamwambia.

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa kitu alichokuwa akikitarajia. Akauweka uji chini.

"Ungesema hujui, ningengoja," akasema. "Mtoto nilimngoja miaka tisa. Siku sita zingenishinda nini?"